Wanawake wa maji kupwa

Leo sina bei ya korosho wala kikao cha madiwani. Leo nina picha. Tena picha za Wajapani, zenye zaidi ya miaka 200, ambazo nimezunguka nazo kwenye simu huku Kilwa wiki nzima nikimwonyesha kila mtu, mpaka jamaa mmoja wa bodaboda akaniuliza kama nimepata mchumba Tokyo.

Msicheke kwanza. Tangu mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan, lile la New York, linaruhusu mtu yeyote kushusha bure kutoka mtandaoni picha za maelfu kwa maelfu ya vitu vyake. Mimi ni mtu wa kupenda vya bure. Nikiwa gesti Kilwa Masoko, usiku ambao umeme ulikuwepo na mtandao ulikuwepo (vitu viwili ambavyo huwa havionani), nikawa napekua picha za zamani za bahari ili nipate usingizi. Usingizi wenyewe ukapotea.

Kilichonikamata ni kitabu cha Kitagawa Utamaro kilichotoka mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mnamo mwaka 1789. Kwa Kijapani kinaitwa Shiohi no tsuto. Mimi nimekitafsiri kienyeji: Zawadi za maji kupwa. Picha ya kwanza ni ufukwe wa Shinagawa, kusini ya Edo. Bahari imekwenda zake mbali, imeacha mchanga, na watu wametawanyika juu ya mchanga huo, kinamama na watoto miongoni mwao, wanaokota. Kurasa zinazofuata hazina mtu hata mmoja. Ni kombe, ni konokono wa baharini, ni magamba ya kila aina, yamechorwa kwa upole kana kwamba kila moja lina jina la ukoo. Wachapaji wameyawekea unga wa madini ili yametemete kama yametoka majini sasa hivi. Halafu picha ya mwisho tuko ndani ya nyumba. Wanawake wamekaa chini, magamba ya kombe yamepangwa duara mbele yao, wanacheza mchezo wa kutafuta vipande viwili vilivyotoka kwenye kombe moja.

Yaani kitabu kizima ni safari moja. Maji yanakupwa, unaokota, unarudi nyumbani, unacheza.

Mwingine ataona picha nzuri, atapita. Mimi nilikaa kitako. Mama yangu ni mtu wa Kivinje. Nimekulia Temeke, lakini likizo zote za shule ya msingi nilikuwa napelekwa kwa bibi, enzi zile kipande cha Ndundu hadi Somanga hakijawekwa lami na mvua ikinyesha basi linalala njiani na abiria wake. Na kitabu kile cha Utamaro, ukiondoa hariri na mitindo ile ya nywele, nilikuwa nimeshakiona chote. Nilikiona kabla sijajua kusoma.

Kwa wenzangu mliokulia bara nieleze kidogo. Maji ya bahari hayapwi sawasawa kila siku. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, bahari inajaa sana na inakupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari imelegea, haijai vizuri wala haikauki vizuri. Kwenye pwani yetu wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na pale Kivinje, ambako ufukwe umelala kama sinia, maji yanakimbia mpaka mashua zinabaki zimekaa juu ya tope kama watu walioachwa na basi. Na bamvua ina adabu. Kupwa kwake kwa mchana kunaangukia kuanzia saa 4 asubuhi hivi, mama ameshapika uji, ameshafagia, watoto wameshakwenda shule. Hakuna anayetangaza. Unaona tu ndoo zinatoka uani.

Wajapani nao walikuwa na hesabu hiyo hiyo. Siku yao kubwa ya kwenda kuokota kombe ilikuwa tarehe 3 ya mwezi wa 3 kwa kalenda yao ya zamani, kalenda ya mwezi. Tarehe 3 maana yake mwezi umeandama juzi. Bamvua hiyo! Bibi yangu asingehitaji mkalimani, angeuliza tu kama wana ndoo za kutosha.

Sasa, picha hizi zilikuwa nini hasa? Wengi tukisikia picha za makumbusho tunafikiria mchoraji mmoja, turubai moja, tajiri mmoja. Hapana. Zilikuwa kitu cha kuchapwa na kuuzwa mitaani, binamu wa gazeti. Mchoraji anachora kwenye karatasi nyembamba. Karatasi inabandikwa kifudifudi kwenye bamba la mti wa mcheri, mchongaji anachonga akiifuata mistari. Kila rangi ina bamba lake. Mchapaji anapaka rangi, analaza karatasi juu yake, anasugua kwa mkono. Picha za rangi nyingi za namna hii zilishika kasi kuanzia mwaka 1765, Suzuki Harunobu akiwa ndiye mchoraji wake mashuhuri. Na juu ya wote hao yuko mchapishaji, mwenye mtaji, anayejua nini kitauzika. Kwa Utamaro alikuwa Tsutaya Jūzaburō, ambaye mwaka 1791 serikali ilimnyang'anya nusu ya mali yake kama faini ya kuchapa vitabu visivyowapendeza wakubwa. Utamaro mwenyewe, mwaka 1804, alifungwa pingu siku 50 kwa picha zilizomgusa Hideyoshi, mtawala wa zamani ambaye alikuwa ameshakufa miaka 200 iliyotangulia. Miaka miwili baadaye naye akafa. Waandishi wenzangu mnaosoma hapa, najua mmejikuna shingo kidogo. Tuendelee.

Walichouza sana, ukiacha picha za waigizaji na wacheza mieleka, ni wanawake na misimu yao. Wanawake wakienda kutazama maua ya micheri. Wanawake wakipunga upepo kando ya mto wakati wa joto. Wanawake wakiusubiri mwezi mpevu, wanawake wakichezea theluji. Torii Kiyonaga, mnamo mwaka 1784, akatoa mfululizo uitwao Minami jūni kō, yaani Miezi 12 ya Kusini. Nilipoona neno Kusini nilicheka peke yangu mle gesti. Kusini yao ni hiyo hiyo Shinagawa. Huku kwetu ukisema Kusini, chumba chochote cha habari kinajua iwekwe picha gani: barabara ya tope, mtoto mwenye tumbo kubwa, mama mwenye ndoo. Lami imeshafika Lindi mpaka Mtwara, lakini tope bado liko kwenye picha za maktaba. Sasa fikiria mtu anatoa miezi 12 ya Kusini na kila mwezi kuna mtu anaburudika!

Nikajaribu kuipanga miezi 12 ya Kusini yetu. Nawaambia haikunishinda. Januari kaskazi inavuma, embe za mwisho zinaoza chini ya miti kwa kukosa mlaji. Masika watu wako shamba, na mvua ikishika kinamama wanakaa barazani kusuka ukili, na ukitaka kujua siri za mtaa mzima kaa karibu na mtu anayesuka ukili. Juni na Julai kusi limeshika, ufuta unavunwa, pesa za kwanza za mwaka zinaonekana. Septemba mikorosho inachanua. Kuanzia Oktoba korosho zinaanguka, mabibo yananuka kila njia, na malipo yakitoka vizuri mpaka Desemba hakuna Jumamosi bila harusi: hina, sare za kanga, ngoma za kinamama hadi alfajiri. Shaaban ikikaribia kwisha kuna kuvunja jungu, ambayo haina mwezi maalumu wa Kizungu kwa sababu inazunguka, na kinamama wanashuka pwani na masufuria. Idd inafungwa bembea kwenye mwembe. Nimeona kwa macho yangu wanawake wenye wajukuu wakibembea mchana kweupe, mitandio inapepea, na wajukuu wamepanga foleni wanalia kwamba bibi hashuki.

Nani kachora haya? Nani kapiga picha?

Kazi iliyonileta Kilwa ilikuwa nyingine, makala ya wanawake wanaolima mwani. Siku 4 za kazi, posho ya siku 2, mnajua wenyewe. Siku ya pili mama mmoja wa Kivinje, mtu mzima, nilipomwamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza mama yako nani, nikamtajia, akaniuliza bibi yako nani, nikamtaja, akasema basi kaa. Baada ya chai akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Si gazeti letu, na la miaka mingi iliyopita. Picha inaonyesha mwanamke ameinama kwenye tope, uso hauonekani, ndoo pembeni. Maelezo ya chini yanasema wanawake wa pwani ya kusini wanavyohangaika kutafuta kitoweo.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikamuuliza amejuaje na uso haupo.

"Nisiujue mgongo wangu? Nisiijue kanga yangu?"

Akanisimulia. Siku ile walikwenda pwani kinamama 9. Ilikuwa bamvua, na keshokutwa yake ilikuwa harusi ya mtoto wa dada yake. Walikwenda kutafuta pweza, ndiyo, lakini nusu ya safari ilikuwa kumsema bwana harusi, miguu yake, ukoo wake, na jinsi anavyotembea kama mtu anayekwepa deni. Walirushiana tope. Mmoja alianguka na ndoo yake. Mwandishi alipiga picha nyingi, na nyingi ni za kucheka, aliwaonyesha kwenye kamera. Gazeti lilipokuja, imechaguliwa ile.

"Mgongo wangu umefika Dar," akaniambia. "Uso wangu bado uko hapa Kivinje."

Sentensi hiyo nimeiandika kwenye kijitabu changu na kuipigia mstari mara tatu.

Nisieleweke vibaya. Ile picha haikuwa ya uongo. Aliinama kweli, na kuinama kunauma. Mwani nao ni kazi ya kusimama majini saa nzima nzima, chumvi inakula ngozi, na bei wanapanga wengine. Hilo nimeliandika kwenye makala na nitaliandika tena. Ninachokataa ni kwamba kwa miaka yote hiyo, picha ya mwanamke wa pwani hii iwe hiyo hiyo moja, ya mtu asiye na uso. Aliinuka pia. Akishika kiuno akacheka. Ni mtu yule yule, asubuhi ile ile, ndoo ile ile.

Basi na mimi nikatoa simu. Nikawaonyesha Utamaro, yeye na majirani wawili waliokuwa wamekuja kuona mgeni wa nani. Nilitegemea watasema nzuri, warudishe simu. Wapi! Wakaikuza picha kwa vidole, wakaanza kuikagua kama watu wa mapato.

"Hawa hawajui pwani," jirani mmoja akasema. "Nguo zote hizi! Ikishika maji utabebaje?"

"Hawakuja kazini," akasema wa pili. "Tazama wanavyosimama. Wamekuja kutembea."

"Sasa kutembea si ni kutembea? Wewe juzi ulirudi na kombe ngapi?"

"Tatu."

"Basi na wewe ulikwenda kutembea."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka ndani. Na mimi nikapata kitu ambacho sikukipata kwenye maelezo yoyote ya makumbusho. Kwa kina mama hawa hakuna ukuta kati ya kazi na matembezi. Unakwenda pwani kwa sababu unataka kitoweo, na unataka kitoweo kwa sababu unataka kwenda pwani. Watu wa Edo walikuwa wa mjini, samaki wao wanauziwa sokoni, hivyo kuokota kombe kwao ilikuwa sikukuu ya siku moja. Kivinje sikukuu inakuja mara mbili kwa mwezi na ina harufu ya mchuzi.

Picha ya mwisho, ile ya mchezo, ndiyo iliyowanyamazisha. Jirani wa kwanza akasema, "Hii si ndiyo mdako?" Si mdako, lakini nilimwelewa. Mdako mnaujua, au bibi zenu wanaujua. Unachimba kishimo, unajaza kokoto, unarusha moja juu, kabla haijatua unakomba nyingine na kuidaka ile. Huku nimeona wakicheza kwa kokoto, kwa kauri, na msimu ukifika kwa korosho, na hapo mshindi anaondoka na faida.

Kisha yule mama mwenye gazeti akaniuliza swali ambalo nilitamani wanafunzi wote wa uandishi wa habari walisikie. "Na hawa, nani aliwalipa kukaa hivyo?"

Hapo nikawa sina budi kuwaeleza upande wa pili. Wanawake wengi katika picha hizo, hasa zile nzuri mno, walikuwa wanawake wa madanguro. Edo ilikuwa na mtaa wake maalumu, Yoshiwara, uliopewa kibali na serikali mwaka 1617, na hiyo Shinagawa, Kusini ya Kiyonaga, ilikuwa na nyumba zake pia. Mabinti wengi waliingia humo wakiwa wadogo, wazazi wao wamechukua pesa, wao wakabaki na deni la miaka mingi. Picha ilimwonyesha amevaa hariri anatazama mwezi; haikuonyesha kwamba hawezi kutoka getini. Wachapishaji walipata pesa, wenye nyumba walipata tangazo. Mwaka 1872 serikali ya Japani ilitangaza kuwafungulia wanawake hao, lakini biashara iliendelea, na sheria ya kuipiga marufuku ilipitishwa mwaka 1956.

Nilidhani nimeharibu mazungumzo. Mama akatikisa kichwa tu, akatazama upande wa boma la Mjerumani. Na mtu wa Kivinje haelezwi habari za kuuza watu. Mji huu katika karne ya 19 ndio uliokuwa bandari kubwa ya bara ya kusafirisha watumwa kwenda Zanzibar, maelfu kila mwaka, mpaka soko la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Waliofika kule, wajukuu zao tumewaona kwenye picha pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Zanzibar, kama ya A. C. Gomes, zilikuwa zinauza kadi za posta kwa wasafiri wa meli, na humo wamo wanawake wa pwani waliovishwa kanga, wamepangwa wakisukana, wamepangwa wakikaa. Nzuri, nakubali. Majina yao hayapo. Maelezo yanasema tu mwanamke wa Kiswahili. Kwa hiyo sitaki mtu aseme hapa kwamba Wajapani waliheshimu wanawake na sisi hatujui. Mgongo bila uso ni kitu kimoja, na uso mzuri uliouzwa ni kitu kingine, na vyote viwili vimeamuliwa na mtu mwenye mtaji.

Lakini ipo picha moja ya kuchapwa ambayo kinamama wa huku wanaichagua wenyewe na kuilipia wenyewe. Mmeshaijua. Kanga. Na nikiwaza bamba la mcheri la Utamaro siwezi kukwepa kwamba kanga nazo, mwanzoni kabisa, mwishoni mwa karne ya 19, zilipigwa chapa kwa vibao vilivyochongwa. Baadaye viwanda vya Uholanzi na Uingereza vikachukua soko, kisha India, na miaka ya 1950 na 1960 Japani yenyewe! Bibi yako au bibi wa jirani yako ameshavaa kanga iliyochapwa nchi ya Utamaro, na aliyeichapa alilazimika kufuata matakwa ya wanawake wa Zanzibar, Mombasa na Lindi, la sivyo mzigo unamdodea. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar mwaka 1968 ndipo na sisi tukaanza kujichapia kwa wingi.

Na kanga ina misimu. Ipo kisutu ya bibi harusi, zipo za Idd, zipo za uchaguzi ambazo siku hizi kila mtu anazo na hakuna anayekiri alizipataje. Ile nakshi iliyopinda kama tone, asili yake ni Uajemi na India, pwani hii tunaiita korosho. Sasa keti Kivinje mwezi wa 11, korosho zinaanikwa uwanjani, mwenye korosho amevaa korosho, na amenunua hiyo kanga kwa pesa ya korosho. Kiyonaga angetupa mfululizo mzima hapo.

Nilipomwomba yule mama picha kwa ajili ya makala, akaniwekea masharti kama mwanasheria. Pwani nitawapiga, sawa, wakifunga kamba za mwani, nisiwafuatefuate. Halafu nisubiri. Wakaoge, wavae, wakae. Wakirudi kutoka kuoga nilikuwa nimeshapigwa na usingizi kwenye baraza. Walikuwa 6, sare moja ya kanga, ya harusi ya mwaka jana. Wakaketi chini ya mwembe, kishimo cha mdako katikati, na mama akaagiza kila mtu atazame mchezo, asiwepo wa kutazama kamera kama picha ya kitambulisho. Mchezo wa kwanza waliigiza. Wa pili walianza kugombana kweli juu ya kokoto moja, na hapo ndipo nilipopiga. Nina picha ambayo kokoto iko hewani, mikono mitatu inaigombea, na nyuso sita zimefunguka. Hakuna mgongo hata mmoja.

Nikatuma zote mbili Dar, ya kazi na ya mdako, na majina yao kamili kama walivyotaka yaandikwe. Jumapili gazeti likatoka. Makala ipo, imekatwa kidogo, si mbaya. Picha waliyoweka ni ya maktaba. Magofu ya Kilwa Kisiwani, msikiti mkuu, mawingu mazuri, mtu hakuna. Nayaheshimu magofu yale, Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331 akausifu mji, na tangu 1981 yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ila makala ilikuwa ya mwani! Nilipouliza dawati nikajibiwa kwamba picha ya mdako haina huzuni, ile ya kazini haina mwanga, na magofu hayana mwenyewe wa kulalamika.

Basi nikafanya anachofanya mchapishaji mwenye mtaji mdogo. Nilipofika Dar nikaenda Kariakoo kusafisha ile ya mdako, nakala 7 kubwa kubwa, 6 za wenyewe na moja yangu. Nyuma ya kila moja nikaandika majina, mahali, tarehe, na neno bamvua. Nikampa kondakta wa basi la Kilwa.

Jana mama amenipigia. Picha zimefika, zimegawiwa, moja imeshaning'inizwa sebuleni na nyingine inagombewa na wajukuu. Ila yeye, akasema, amefumba macho. Nimeitazama nakala yangu, kweli amefumba. Hivyo ameamua nije tena bamvua ya mwezi ujao turudie.

"Na safari hii uje na ndoo, mwanangu."

Nikamwambia sina ndoo.

"Kariakoo zipo," akasema, akakata simu.